Ngamia Huchoka, Pampu Haichoki: Historia Fupi ya Maji, Mashine na Mikono katika Mashamba ya Saudia

Ndugu zangu, wanangu na wajukuu,

Waandalizi wa kijitabu hiki wameniomba niandike machache juu ya kilimo cha nchi hii tuliyohamia, kwa kuwa miongoni mwa wazee wa Riyadh na Jeddah ni mimi peke yangu niliyepata kuwa bwana shamba. Nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba watoto wetu waliozaliwa huku hula mkate, maziwa na tende kila siku bila ya kujua vimepita katika mikono gani. Ya pili ni kwamba katika mkutano wa mwaka huu tutazungumzia shamba letu la Pemba, na pendekezo la vijana la kuchimba visima viwili virefu, kuweka pampu za umeme wa jua, na kulima mboga za kuuza mahotelini. Sikukusudia kumpinga mtu. Nataka tu kwamba kabla hatujainua mikono kukata shauri, tusome somo ambalo nchi hii imekwisha kulilipia kwa gharama kubwa.

Kwa wasionijua: nilitumikia Idara ya Kilimo kwetu Pemba kwa miaka 9, nikishughulika na mpunga na mikarafuu. Mwaka 1991, nikiwa na umri wa miaka 31, nilikuja Riyadh, nikaandikwa karani kwa mkataba katika ofisi moja ya serikali iliyohusika na mazao. Nilistaafu mwaka 2020, na sasa nakaa Jeddah kwa mwanangu.

Enzi ya ngamia

Riyadh ipo katika bara la Najd, ambako mvua ya mwaka mzima ni milimita 100 hivi. Mvua ya Pemba ni zaidi ya mara kumi ya hiyo. Saudia yote haina hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima. Hata hivyo, kwa karne nyingi palikuwa na mashamba ya mitende kando ya Wadi Hanifa, kutoka Diriyah hadi Manfuha, na chini ya mitende watu walipanda ngano, mboga na majani ya barsimu ya kulishia wanyama. Siri yake ilikuwa kisima na mnyama.

Chombo chenyewe kiliitwa saniya, na wingi wake sawani. Juu ya kisima palijengwa nguzo zilizobeba makapi ya mti. Kamba zilipita juu ya makapi hayo, na mwisho wake ulifungwa mfuko mkubwa wa ngozi. Ngamia, ng'ombe au punda alifungwa upande wa pili, akateremshwa katika njia ya mteremko iliyochimbwa makusudi, ili uzito wa mwili wake usaidie kuvuta. Alipofika chini, mfuko ulikuwa umefika juu na kumwaga maji yake katika birika. Kisha akarudishwa juu, na mfuko ukashuka tena. Kazi iliendelea hivyo usiku na mchana, na wazee wa Riyadh niliowakuta walikuwa wakiikumbuka sauti ya makapi kama sisi tunavyoikumbuka sauti ya kinu alfajiri.

Naomba tuliangalie jambo moja katika chombo hiki. Mnyama alichoka. Alihitaji kupumzika, na alihitaji kula. Na alichokula kilitoka katika shamba lile lile alilolinywesha. Kwa hiyo shamba halikuweza kukua kupita nguvu ya mnyama wake, wala kisima hakikuweza kutoa maji kupita pumzi ya ngamia. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa juu ya matumizi ya maji ya kisima. Uchovu wa ngamia ndio uliokuwa sheria.

Ndugu zetu walioko Oman wanajua kipimo kingine. Kule maji ya falaji hugawanywa kwa saa: fungu moja huitwa athari, nalo ni nusu saa. Mwenye fungu lake akishamaliza, hufunga mlango wa mfereji na jirani hufungua wake. Njia ni tofauti na ile ya Najd, lakini maana ni moja, yaani kwamba kila mtu alijua mwisho wa haki yake.

Mikono nyuma ya ngamia

Hapa hapana budi niseme jambo ambalo aghalabu halisemwi katika mikutano ya ukoo. Nyuma ya mnyama alikuwapo mtu, na mara nyingi mtu huyo hakuwa huru. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, biashara ya tende ilipopanuka hadi kufika masoko ya Marekani, watu wengi waliochukuliwa kutoka pwani yetu na bara yake walipelekwa katika mashamba ya mitende ya Ghuba, yakiwamo ya Batina huko Oman na ya upande wa mashariki wa Arabuni. Walichimba, walimwagilia, walipanda mitende kuitia mbegu na kuangua matunda. Kwetu Zanzibar amri ya kuondoa utumwa kisheria ilitolewa mwaka 1897. Hapa Saudia ulipigwa marufuku mwaka 1962, ambao ni juzi tu: wapo wanaosoma kurasa hizi waliokuwa wamekwisha kuzaliwa.

Nalisema hili kwa kuwa sisi ni wajukuu wa mashamba ya karafuu. Katika ukoo wetu wamo waliomiliki mikarafuu, wamo walioichuma kwa ujira, na wamo ambao majina ya baba zao hayakuandikwa popote. Sote leo tunakaa mkeka mmoja, na Alhamdulillahi. Lakini watu wa asili kama yetu, wanapozungumza habari ya shamba, hawana ruhusa ya kusahau kuuliza: nani atafanya kazi, na kwa masharti gani?

Pampu inaingia

Mashine zilianza kwa unyenyekevu. Al-Kharj, kiasi cha kilomita 80 kusini-mashariki ya Riyadh, yapo mashimo makubwa ya asili katika mawe ya chokaa, yaliyojaa maji. Tangu mwisho wa miaka ya 1930, katika zama za Mfalme Abdulaziz, pampu ziliwekwa kuyapandisha maji hayo na kuyapeleka mashambani kwa mifereji. Mwaka 1942 ulikuja ujumbe wa kilimo kutoka Marekani ukiongozwa na Karl Twitchell, na mwaka 1944 wataalamu wa Kimarekani wakaja kuliendesha shamba lenyewe. Mwaka 1963 ilianzishwa Benki ya Kilimo ya Saudia, na kwa mikopo ya namna hii wakulima wa kawaida walizidi kununua pampu za dizeli. Kapi za mti zikanyamaza, na ngamia akaachishwa kazi bila ya pensheni.

Ama mapinduzi makubwa yalikuja baada ya fedha za mafuta za miaka ya 1970. Nchi zilizouza mafuta ziliogopa kwamba wauzaji wa nafaka nao wangeweza siku moja kufunga ghala zao. Serikali ya Saudia ikaamua kujitosheleza kwa ngano. Iligawa ardhi, ikatoa mikopo na ruzuku za mashine, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikanunua ngano kwa mkulima kwa riyali 3,500 kwa tani, bei iliyokuwa mara kadhaa ya ile ya soko la dunia.

Mashine iliyoyafanya haya yawezekane ilibuniwa na mkulima wa Colorado aitwaye Frank Zybach, aliyepewa hati ya uvumbuzi mwaka 1952. Ni bomba refu, aghalabu la mita 400 hivi, lililobebwa juu ya minara yenye magurudumu. Ncha moja imefungwa penye kisima, na bomba zima huzunguka kama mkono wa saa, likinyunyiza maji lipitapo. Mzunguko mmoja hunywesha hekta 50 hivi. Mtu akiruka kwa ndege kutoka Riyadh kwenda Tabuk huyaona maduara hayo ya kijani yametandazwa juu ya mchanga kama sahani juu ya busati. Mbolea huchanganywa katika maji yale yale. Ngano ikiiva, mashine moja huvuna na kupura kwa wakati mmoja.

Matokeo yalistaajabisha ulimwengu. Mwisho wa miaka ya 1970 mavuno ya ngano ya Saudia hayakufika tani laki 2 kwa mwaka. Mwaka 1984 yalipita tani milioni 1, na nchi ikajitosheleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalifika takriban tani milioni 4, na nchi ya jangwa ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano duniani. Wakati huo huo kampuni za maziwa, kama Almarai iliyoanzishwa mwaka 1977, zilikuwa zikifuga maelfu ya ng'ombe kusini ya Riyadh katika mabanda yanayopozwa kwa manyunyu ya maji, na ng'ombe hao walilishwa barsimu, mmea unywao maji kuliko ngano.

Daftari lisilokuwa na safu ya maji

Mimi nilifika katika kilele hicho. Kazi yangu ilikuwa kunakili stakabadhi. Niliandika jina la shamba, tarehe, tani na riyali. Baada ya miezi michache, tabia ya bwana shamba ikanisumbua: Pemba tulipoandika habari ya bonde la mpunga, jambo la kwanza lilikuwa maji. Nikamwuliza mkubwa wangu, "Bwana, safu ya maji iko wapi?" Akacheka kwa wema, akaniambia, "Maji ni ya Mungu, hayana stakabadhi."

Maneno yale yana ukweli wake, lakini maji yale hayakuwa ya mvua ya mwaka ule. Sehemu kubwa ya maji ya chini ya nchi hii yalinyesha makumi ya maelfu ya miaka iliyopita, zama ambazo hali ya hewa ilikuwa nyingine, yakajificha ndani ya mawe. Kuyatoa ni sawa na kutoa fedha katika akiba ya marehemu: hakuna atakayerudisha. Na tani moja ya ngano, katika jua hili, huhitaji kiasi cha mita za ujazo 1,000 hadi 3,000 za maji. Mwenye kuuza tani ya ngano nje ya nchi alikuwa akisafirisha mto mdogo ndani ya gunia.

Siku moja, katikati ya miaka ya 1990, nilitumwa na ofisi kwenda kuhakiki hesabu za shamba moja. Msimamizi wake, Msudani mtaratibu mwenye umri kama wangu, alinichukua hadi kibanda cha pampu. Ukutani alikuwa amechora mistari kwa chokaa, kila mmoja na mwaka wake, kuonyesha mabomba ya kisima yalivyoongezwa urefu. Kila mstari ulikuwa chini ya mwenziwe, na hapakuwa na hata mmoja uliopanda. Nilimwuliza mwenye shamba amesema nini. Akajibu: "Amesema tununue bomba jingine." Hapo ndipo nilipoifahamu tofauti ya ngamia na pampu. Ngamia akichoka, humwambia bwana wake. Pampu hunyamaza, na huongezewa bomba.

Al-Aflaj, kiasi cha kilomita 300 kusini ya Riyadh, ilipewa jina lake kwa ajili ya mifereji ya falaji. Karibu na mji wa Layla yalikuwapo maziwa ya asili ambamo watu wa Riyadh walikwenda kuogelea na kutembea kwa mashua. Kufikia miaka ya 1990 yalikuwa yamekauka, yakabaki mashimo. Al-Ahsa nako, oasisi kubwa yenye mamilioni ya mitende, chemchemi zilizokuwa zikibubujika zenyewe zilinyamaza, na maji yakawa ya kuvutwa kwa mashine.

Wala wa Jeddah tusijione wasafi kwa kuwa hatulimi. Mji huu uliteseka kwa kiu kwa muda mrefu, hata ukatumia mtambo wa kuchemsha maji ya bahari ulioitwa kindasa. Mwaka 1947 maji yaliletwa kwa mabomba kutoka Wadi Fatima, bonde la bustani zilizoulisha mji mboga na matunda. Mji ulipokua, ulikunywa, na bustani zikapungua. Maji yakiondoka shambani kwenda mjini, shamba ndilo linalokufa kimyakimya.

Mikono baada ya mashine

Watu husema mashine humkomboa mfanyakazi. Ni kweli kwa nusu. Hekta 50 ambazo zingehitaji kijiji kizima cha majembe sasa huangaliwa na watu wachache. Lakini wale wachache ni akina nani?

Kwa miaka mingi kazi nyingi za mikono hapa zilifanywa na Wayemeni. Mwaka 1990, kwa sababu ya siasa za vita vya Kuwait, ruhusa zao maalumu zilifutwa, na mamia ya maelfu walirudi kwao. Nafasi zao zikajazwa na Wamisri, Wasudani, Wapakistani, Wahindi, Wabangladeshi na wengineo. Mimi nilifika mwaka uliofuata. Sikupata kujua nani aliyekalia kiti changu kabla yangu, na nakiri kwamba wakati ule sikuuliza.

Yule Msudani wa mistari ya chokaa alikuwa hajafika kwao kwa miaka minne, maana pasipoti yake ilikuwa kabatini kwa mwajiri. Alilala katika chumba kilichopakana na pampu, kwa sababu pampu ikizimika usiku hapana budi awepo wa kuiamsha. Zamani mnyama alipumzika na mtu wake akapumzika naye. Mashine isiyopumzika ilimfunga mlinzi wake saa 24. Machi 2021 serikali ilileta mabadiliko mema, yaliyomruhusu mfanyakazi mgeni kuhamia kwa mwajiri mwingine kwa masharti; lakini madereva na walinzi wa nyumbani, watumishi wa ndani, wachungaji, na wakulima pamoja na watunza bustani hawakuingizwa. Mwenye jembe aliachwa nyuma mara nyingine tena.

Hesabu ilipoletwa

Nchi hii inastahili sifa kwamba ilikubali kuyatazama makosa yake. Mwaka 2008 serikali ilitangaza kwamba itapunguza ununuzi wa ngano ya ndani kwa asilimia 12.5 kila mwaka, na kufikia 2016 ununuzi ulikoma. Mwaka 2015 iliamua kwamba mashamba makubwa yaache kulima majani mabichi ya mifugo ndani ya miaka 3. Baadaye ngano iliruhusiwa tena kwa kiasi maalumu. Siku hizi kuna umwagiliaji wa matone, vitalu vilivyofunikwa, na maji taka yaliyosafishwa kwa ajili ya mitende ya Al-Ahsa. Bandari ya Jeddah inapokea ngano kutoka ng'ambo.

Hata hivyo, kiu ikiondolewa mlango mmoja huingia kwa mwingine. Mwaka 2014 Almarai ilinunua ardhi Arizona, Marekani, ili kulima barsimu na kuileta huku kwa meli. Wenyeji wa huko wakalalamika juu ya visima vyao, na mwaka 2023 serikali ya jimbo ikafuta mkataba mmoja wa ardhi ya umma na kukataa kuongeza muda wa mingine. Mjukuu wangu anayekunywa maziwa asubuhi hapa Jeddah huenda anakunywa maji ya jangwa asiloweza kulionyesha kwenye ramani.

Shamba letu

Sasa nirudi Pemba. Kisima alichochimba babu kipo mahali ambapo mtu akinyamaza husikia bahari. Katika ardhi ya namna hiyo maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, kama mafuta ya nazi juu ya mchuzi. Wataalamu wanayo kanuni ya zaidi ya miaka 100: usawa wa maji matamu ukishuka mita 1, maji ya chumvi chini yake huweza kupanda hadi mita 40. Najd wakizidisha, hupata kisima kikavu. Sisi tukizidisha, tutapata kisima kilichojaa maji yasiyonyweka, na majirani zetu wote pamoja nasi.

Vijana wameandika, na ni kweli, kwamba pampu ya jua haina gharama ya mafuta. Hilo ndilo linalonitia hofu. Ngamia alikuwa na uchovu wake; dizeli ilikuwa na bei yake; hii itavuta kila jua linapotoka, bila ya kuchoka na bila ya kudai kitu. Kipimo ambacho mashine haina, hatuna budi kukiweka wenyewe.

Kwa hiyo sisemi tusichimbe. Naomba yaandikwe mambo matatu katika azimio letu. Kwanza, tuanze na kisima kimoja chenye mita ya maji, na kila mwezi kipimwe kina chake na chumvi yake, na daftari lisomwe mbele ya ukoo kila mwaka. Pili, chumvi ikipanda kupita kiwango tutakachokubaliana na mtaalamu, pampu izimwe, hata kama hoteli inasubiri mboga. Tatu, watakaolima wawe na mkataba wa maandishi, mshahara wa kila mwezi, siku ya mapumziko na mahali pa kulala mbali na pampu. Na jina la kila mmoja wao, pamoja na jina la baba yake, liandikwe kwa ukamilifu katika ukurasa wa kwanza wa daftari.

Daftari lenyewe nimekwisha kulinunua, nitakuja nalo mkutanoni. Safu ya maji nimeichora mimi mwenyewe, nayo ndiyo ya kwanza.

Wabillahi tawfiq.